Kamusi Imo Mkobani. Je, Mtoto Ajua Kuifungua?

Mtoto anapochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, furaha ya nyumbani huja imefuatana na orodha ndefu. Humo mna sare, viatu, madaftari, na godoro na ndoo ikiwa shule ni ya bweni. Na mara nyingi humo humo mna kamusi ya Kiingereza. Mzazi hujinyima, akaiweka fedha ya kamusi kando ya fedha ya sare, na siku kitabu hicho kinapoingia nyumbani huona kwamba wajibu wake umekwisha. Kilichobaki ni cha mtoto.

Makala haya yanakuomba usiishie hapo. Kwa zaidi ya miaka 40 wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakichunguza jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laonekana halina la kuulizwa: mwanafunzi wa Kiingereza anapofungua kamusi, je, husaidika? Majibu waliyoyapata si yale ambayo wengi wetu tungeyatazamia. Yanamhusu mwalimu, yanamhusu mwanafunzi, na yanamhusu hata mzazi ambaye hajui neno moja la Kiingereza.

MTIHANI WA KIDATO CHA KWANZA

Hapa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za msingi za serikali zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza kikiwa somo mojawapo. Mtoto akivuka kwenda sekondari, hali hugeuka: bayolojia, jiografia, kemia na hesabu, zote huja kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliochunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu, walitoa taarifa iliyoeleza kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuwawezesha kufuata masomo yao. Tangu hapo mengi yamesemwa na mengi yamefanywa, lakini mtoto anayeingia kidato cha kwanza bado hukutana na ukuta ule ule, na silaha ya kwanza anayopewa ni kamusi.

Hebu tumfuate mtoto huyo kidogo. Katika kitabu cha sayansi anakuta sentensi isemayo "Matter occupies space." Hajui maana ya "matter". Anafungua kamusi, na anaona maana ya kwanza: jambo, shauri. Anarudi kitabuni akiwa ameshika mkononi kwamba "jambo huchukua nafasi". Kama angalishuka mistari michache zaidi katika kamusi ile ile, huenda angalikutana na neno maada, yaani kitu chochote chenye uzito na chenye kuchukua nafasi, na somo zima lingalimfungukia. Katika jiografia anaambiwa "Study the table below", naye anatafuta meza hapo chini wakati mwalimu alimtaka achunguze jedwali. Katika kemia "solution" inakuwa ufumbuzi wa matatizo, kumbe ni mmumunyo wa chumvi katika maji.

Msomaji, tazama vizuri: mtoto huyu si mvivu. Kamusi anayo, na ameifungua. Tena kamusi haikumdanganya, kwa maana maneno yote aliyoyaona ni sahihi. Kosa limeingia katika nafasi ndogo iliyo kati ya ukurasa wa kamusi na ukurasa wa kitabu cha masomo. Nafasi hiyo ndiyo ambayo watafiti wameikodolea macho miaka yote hiyo.

BAHARI NA NAHODHA

Neno lenyewe "kamusi" tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni bahari kuu. Mwanachuoni Firuzabadi, aliyeishi katika karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15, alikiita kitabu chake cha maneno ya Kiarabu kwa jina la bahari, na kitabu hicho kikasifika hata jina lake likawa jina la vitabu vyote vya aina hiyo. Ni jina lililosibu. Bahari humfikisha msafiri ajuaye njia, na asiyeijua humpotezea mbali.

Walioandika kamusi kwa ajili ya wageni wa Kiingereza waliliona tatizo hili mapema. Michael West, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya elimu huko Bengal, aliona kwamba kamusi zilizoandikwa kwa ajili ya Waingereza wenyewe hueleza neno gumu kwa maneno magumu zaidi. Mwaka 1935, akishirikiana na James Endicott, alitoa kamusi iliyoeleza maneno na semi zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno mepesi 1,490 tu. Mwenzake, A. S. Hornby, aliyekuwa mwalimu nchini Japani, pamoja na wenzake wawili walitunga kamusi ya wanafunzi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati vita vikiendelea. Chuo Kikuu cha Oxford kiliichapa upya mwaka 1948, na kizazi chake ndicho kamusi ile ya Oxford ya wanafunzi ambayo hadi leo huonekana katika maduka ya vitabu. Baadaye, mwaka 1978, ikatoka kamusi ya Longman iliyoeleza maneno yake kwa msamiati wa maneno kama 2,000. Na mwaka 1987 ikatoka ile ya Cobuild, iliyosimamiwa na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ambayo hueleza kila neno kwa sentensi kamili kama mwalimu anavyosema darasani.

Hivyo chombo kimeundwa kwa akili nyingi, na kimeendelea kuboreshwa. Lakini swali la nahodha lilikuwa bado halijaulizwa sawasawa.

MATOKEO YALIYOZUSHA MJADALA

Mwaka 1984 wataalamu watatu nchini Israel, Bensoussan, Sim na Weiss, walitangaza matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi walipewa vifungu vya Kiingereza kusoma na kujibu maswali. Baadhi walikuwa na kamusi ya Kiingereza kitupu, baadhi kamusi ya Kiingereza na lugha yao, na wengine hawakuwa na kamusi kabisa. Ilitazamiwa kwamba wenye kamusi wangewaacha wenzao mbali. Haikuwa hivyo. Alama zao hazikupishana kwa kiasi cha maana.

Kwa nini? Wengine walidai kwamba basi kamusi haina faida. Lakini wengine walitaka kutazama kwa karibu zaidi. Mwaka 1991 Hilary Nesi na Paul Meara waliurudia uchunguzi huo nchini Uingereza, nao wakaona mambo mawili. Kwanza, maneno ambayo wanafunzi waliyatafuta mara nyingi hayakuwa yale yaliyohitajika ili kujibu maswali. Pili, hata walipolipata neno lenyewe, wengi waliyasoma vibaya maelezo yake. Yaani wanafunzi walikuwa wakitumia muda wao katika mlango usiokuwa wao, na hata walipofika kwenye mlango uliokuwa wao waliingia chumba kingine.

Huko Japani, Yukio Tono alikwisha kuonyesha mwaka 1984 kwamba wanafunzi wa Kiingereza hupendelea kuchukua maana ya kwanza wanayokutana nayo katika kamusi, bila kushuka hadi za chini. Ndiyo hadithi ya "matter" na "table" tuliyoisimulia hapo juu. Na huko Lyon, Ufaransa, Henri Béjoint alikuwa amewahoji wanafunzi 122 wa chuo kikuu, akatangaza matokeo yake mwaka 1981: walio wengi walizitumia kamusi zao kutafuta maana ya maneno tu, kurasa za mwanzo zinazoeleza namna ya kuitumia kamusi hawakuzisoma kwa makini, na alama za sarufi zilizowekwa kwa ajili yao wengi hawakuzijali.

Wala usidhani kwamba hili ni tatizo la wageni wa lugha peke yao. Mwaka 1987 George Miller na Patricia Gildea waliandika habari za watoto wa Marekani, ambao Kiingereza ndiyo lugha ya mama zao, walioambiwa wasome maana ya neno katika kamusi kisha watunge sentensi. Mtoto mmoja alipewa neno "erode", ambalo ni kumomonyoka, kama ukingo wa mto unavyoliwa na maji. Katika maelezo ya kamusi akakuta maneno mawili ya Kiingereza ambayo yaweza kuwa na maana ya kula kwa kumega, na yaweza pia kuwa na maana ya kwenda kula hotelini. Mtoto akashika ile anayoijua, akaandika kwamba familia yao humomonyoka mara kwa mara! Tunacheka, lakini mtoto huyo alifanya kile afanyacho kila mwanafunzi aliyeachwa peke yake na kamusi: alichukua kipande anachokifahamu, akaacha kingine.

WAPI KAMUSI HUSAIDIA

Je, tuzifungie kamusi kabatini? La hasha. Uchunguzi mwingine umeonyesha upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1993 Stuart Luppescu na Richard Day walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 293 wa vyuo vikuu nchini Japani. Wote walisoma hadithi moja ya Kiingereza, wengine wakiwa na kamusi na wengine bila. Walipopimwa baadaye kwa maneno yaliyokuwamo katika hadithi, wenye kamusi walipata alama za juu zaidi. Lakini walilipa gharama: muda walioutumia kusoma ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa wenzao. Na kwa maneno yenye maana nyingi, kamusi iliwachanganya baadhi yao.

Mwaka uliofuata, 1994, Susan Knight alieleza uchunguzi wake juu ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijifunza Kihispania. Ingawa lugha ni nyingine, fundisho lake ni letu pia. Katika ufahamu wa habari waliyoisoma, wanafunzi wenye uwezo mdogo wa lugha ndio walioumia zaidi waliponyimwa kamusi. Mwenye uwezo mkubwa aliweza kukisia maana kutokana na maneno mengine ya sentensi. Yule mwingine hakuwa na pa kushika. Hili ni jambo zito kwetu, kwa kuwa mtoto anayekihitaji zaidi kitabu hiki ndiye huyo huyo ambaye ni rahisi zaidi kupotea ndani yake.

Lipo pia swali la kwa nini neno jingine hukaa kichwani na jingine hupotea kesho yake. Mwaka 2001 Batia Laufer na Jan Hulstijn walitoa maelezo ambayo yamejadiliwa sana tangu hapo. Walisema kwamba neno hushika kwa kadiri ya mambo matatu: mwanafunzi awe na haja nalo, alitafute mwenyewe, na apime ni maana ipi inayofaa mahali pale. Asiyekuwa na haja hatafuti, na asiyepima hubeba maana isiyo yake. Kwa hiyo kule kusita na kulinganisha, ambako mtoto hukuona kuwa ni kupoteza wakati, ndiko kunakolipigilia neno msumari.

Hapa hatuna budi kuitaja simu, ambayo siku hizi ndiyo kamusi ya watoto wengi. Simu huleta jibu upesi, na upesi huo ni neema. Lakini ikiwa mtoto hugusa neno, akaona jibu moja, akaendelea, basi amepewa neno bila ya kulitafuta wala kulipima. Chombo kimebadilika, lakini kazi ya kuchagua imebaki ile ile.

KAMUSI YA LUGHA MBILI SI AIBU

Katika shule nyingi duniani mwanafunzi amepata kuonyeshwa kwamba kamusi ya kweli ni ile ya Kiingereza kitupu, na kwamba mwenye kutumia kamusi ya Kiingereza na lugha yake ni kama anayetembea kwa mkongojo. Watafiti wameipima imani hiyo pia. Mwaka 1997 Batia Laufer na Linor Hadar walilinganisha aina tatu: kamusi ya lugha moja, kamusi ya lugha mbili, na kamusi changanyifu, yaani ile inayotoa maelezo na mifano kwa Kiingereza kisha ikaongeza tafsiri kwa lugha ya mwanafunzi. Iliyoonekana kufaa zaidi ni hiyo changanyifu. Lugha ya nyumbani haikumzuia mwanafunzi. Ilimthibitishia kwamba ameelewa.

Nasi hatuko mikono mitupu. Tangu mwaka 1939 tumekuwa na kamusi za Kiingereza na Kiswahili zilizotungwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1996 ikatoa kamusi yake ya Kiingereza-Kiswahili. Mtoto wa kidato cha kwanza aanze na kamusi ya lugha mbili bila ya haya, kisha kadiri anavyopanda aizoee na ile ya Kiingereza kitupu. Zote mbili zina kazi yake.

UFUNDI UNAOFUNDISHIKA

Wahenga walisema: asiyejua maana haambiwi maana. Habari njema ni kwamba katika jambo hili anaweza kuambiwa. Mwaka 2008 Robert Lew na Katarzyna Galas walieleza jaribio lao kwa watoto wa shule ya msingi nchini Poland. Watoto hao walipewa vipindi 12 vya mafunzo ya kutumia kamusi ya Kiingereza, kisha wakapimwa pamoja na wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Waliofundishwa waliendelea mbele kwa kiasi kikubwa. Vipindi 12, msomaji, si mzigo wa kulishinda darasa lolote. Mwalimu anayetenga muda huo mwanzoni mwa mwaka hapotezi muda wa somo, bali anauongeza.

Na mzazi je? Hapa ndipo nisemapo kwamba hata asiyejua Kiingereza ana kazi yake. Ikiwa kamusi ni ya Kiingereza-Kiswahili, maana zote zilizoandikwa upande wa pili ni za lugha yako wewe. Keti na mwanao jioni moja kwa juma, nusu saa tu, umwulize maswali haya.

Kwanza, mwulize: neno hili ni la lazima? Akusomee kifungu chote kwanza, akuambie kwa Kiswahili kinahusu nini. Maneno mengine yatajieleza yenyewe, na mengine hayana umuhimu. Abaki na matatu au manne yaliyoziba njia, ayatafute hayo.

Pili, mwulize: neno hili kwao ni wapi? Sisi tunajua kwamba "aliwapikia" haitafutwi katika herufi A, bali chini ya "pika". Na "miti" tunaipata katika "mti". Kiingereza nacho kina desturi zake. "Went" lina nyumba yake chini ya "go", na "bought" chini ya "buy". Mtoto asiyejua hivyo atasema neno halimo.

Tatu, mwulize: ziko maana ngapi? Akusomee zote, toka ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sauti. Hili moja tu, likifanywa kila mara, litampunguzia makosa mengi, kwa kuwa litamvunja ile tabia ya kunyakua ya kwanza.

Nne, mwulize: ni ipi inayokaa hapa? Airudishe kila maana katika sentensi ya kitabu. "Jambo huchukua nafasi", "maada huchukua nafasi". Ipi ina akili? Swali hili unaweza kulihukumu wewe mwenyewe, hata kama shule uliiachia darasa la nne, maana linahitaji busara na Kiswahili chako tu.

Tano, mwambie aliandike neno hilo katika daftari pamoja na sentensi alimolikuta, na juma lijalo umwulize tena.

Nusu saa hiyo haihitaji ada wala mwalimu wa ziada. Redio na televisheni zinaweza kungoja. Wenye watoto wawili au watatu sekondari wanaweza kuwaweka pamoja, mkubwa akamsahihisha mdogo. Na majirani wa nyumba moja wenye kamusi moja wanaweza kuitumia kwa zamu, kwa kuwa kamusi moja inayosomwa na watoto watano ina faida kuliko kamusi tano zilizo mkobani zikingoja mtihani.

Tukubali kwamba kamusi peke yake haitaondoa matatizo yote ya mtoto anayejifunza sayansi kwa lugha asiyoizoea. Walimu wanahitajika, vitabu vinahitajika, na mjadala juu ya lugha ya kufundishia una nafasi yake. Lakini mjadala huo hautamaliziwa kesho, na kesho asubuhi mwanao atafungua kitabu. Hivyo leo jioni, akisharudi na kula, mwambie ailete ile kamusi uliyoitolea jasho, aifungue mbele yako, akusomee maana zote.